Polepole Hadi Jinja

Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kwenda Uganda kwa baiskeli, aliacha kuchambua njahi, yale maharagwe yetu meusi, akaniuliza nimekosana na nani. Nikamwambia sijakosana na mtu. Akauliza kama ni daktari aliyeniagiza. Nikamwambia daktari hana habari. Akarudi kwenye ungo wake, na kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa akasema pikapu iko nje, ina mafuta, na kama nina haja ya kwenda mahali basi niende kama watu.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi huku Kanja, juu ya mji wa Embu, kwa miaka thelathini na kitu, jiografia pamoja na somo lolote ambalo mwalimu mkuu alikosa mtu wa kulifundisha, na niliona nimepata haki ya kufanya jambo moja la kipuuzi kabla magoti hayajakataa. Mpango ulikuwa rahisi. Mimi na rafiki yangu mmoja tungepanda baiskeli, tuvuke Bonde la Ufa, tuingie Uganda, tulizunguke Ziwa Viktoria kupitia Bukoba na Mwanza, kisha turudi nyumbani kwa upande wa Tanzania. Bila haraka. Tukichoka tunapumzika, tukipata mahali pazuri tunakaa siku mbili. Hayo tu.

Hapo pa "bila haraka" ndipo nilipowapoteza watu. Huku kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Asubuhi inabeba mitungi ya maziwa, mchana mkungu wa ndizi, jioni gunia la makaa, na siku mbaya inabeba mama mjamzito hadi zahanati. Mtu akikupita kwa baiskeli humuulizi kama anafurahia safari, unatazama nyuma yake kuona amebeba nini. Sasa mzee wa umri wangu, mwenye pikapu, apande baiskeli tupu kwenda nchi ambako hana shamba, hana kesi na hana maiti ya kuzika, huyo lazima kuna jambo limempata. Jirani yangu wa upande wa chini alikuja kujionea mwenyewe. Alikaa, akanywa chai vikombe viwili, akaniambia kwa upole kwamba hata yeye alipostaafu alianza kusikia mambo kichwani, lakini yaliisha alipoanza kufuga sungura.

Sikumwambia sababu yenyewe, wala sikumwambia mke wangu. Wao walidhani sina sababu, nami niliona heri waendelee kudhani hivyo.

Sababu ilianza nikiwa na miaka miwili au mitatu kazini, kijana mwenye shati moja zuri na majivuno mengi. Nilikuwa nafundisha darasa la sita habari za mto Nile. Nikachora ziwa ubaoni, nikachora mto ukitoka, nikaandika Jinja kwa herufi kubwa. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, mwenye kuuliza maswali kama karani wa mahakama, akainua mkono akataka kujua kama mwalimu amewahi kufika hapo. Darasa zima likanitazama. Nikasema ndiyo.

Kama ningeishia hapo ungekuwa uongo mdogo wa kawaida. Lakini nilikuwa sijazoea kudanganya, sikujua pa kusimama. Niliwaeleza jinsi maporomoko yanavyonguruma pale maji yanapoliacha ziwa. Niliwaeleza nilivyokaa juu ya jiwe kubwa jeusi nikila samaki wa kuchoma, na jinsi manyunyu yalivyoniruka mpaka shati langu lote likalowa chapachapa, ikabidi nilivue nilianike juu ya jiwe lile lile. Maporomoko niliyatoa kwenye picha ya kitabu cha zamani kilichokuwa stoo ya shule, kisichokuwa na jalada. Shati lilikuwa hili langu zuri. Jiwe hata sijui lilitoka wapi.

Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na hilo ndilo lililoniponza. Mwaka uliofuata darasa jipya liliingia likiwa limeshasimuliwa na kaka na dada zao, likataka kusikia habari za jiwe. Nikasimulia tena. Na mwaka uliofuata tena. Nilifika mahali nikaiandika hadithi kwenye daftari la maandalio ya masomo, ili mwaka huu samaki asiwe sato na mwaka ujao akawa mbuta. Watoto waliisimulia nyumbani, na kabla sijatambua kinachotendeka nikawa, pale Kanja, mtu aliyetembea nchi za nje. Redio ikitaja Uganda watu waligeuka kuniangalia. Mke wangu mwenyewe aliolewa na mtu aliyefika Jinja. Nami sikuwa na haya hata kidogo, kwani kila alipopika samaki nilionja, nikatikisa kichwa, nikasema si mbaya, ila hafiki wa Jinja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kuvuka Nakuru.

Watu wanastaafu na mambo mbalimbali rohoni. Mimi nilistaafu na jiwe. Siku ya kuniaga shuleni wanafunzi wa zamani walisimama mmoja mmoja kunishukuru, na kati ya kila watatu wawili walilitaja. Nilirudi nyumbani na blanketi la zawadi begani nikiwa na aibu ambayo sikuwa nimeipata miaka yote hiyo. Nikaamua nitafika Jinja kabla sijafa, nikae juu ya jiwe lolote, niache kuwa mwongo. Zile nchi nyingine na lile ziwa na ule upolepole vilikuwa kifuniko tu. Ningesema nakwenda Jinja peke yake, mtu angeuliza kwa nini narudi.

Rafiki yangu tulisoma naye chuo cha ualimu. Ni Mmeru, aliiacha chaki mapema akaenda kuwa mtunza stoo kwenye shamba moja la maua kule Timau, na huko ndiko alikostaafu na kubaki. Alikubali safari siku ile ile niliyompigia simu. Alisema amevaa sweta kwa miaka ishirini na sita mfululizo na angependa kuona nchi ambako watu wanazivua. Pia alisema anakwenda kwa moyo mkunjufu kwa sababu kiongozi wa msafara ni mtu anayeijua njia. Kiongozi huyo ni mimi.

Nilikwenda Timau kupanga naye. Baridi ya kule inaingia kwa mlango bila kubisha, na tulikaa jikoni kwake karibu na jiko, ramani mezani, mashamba ya ngano yakionekana dirishani hadi macho yanachoka. Alikuwa ameandaa daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula: kitu, idadi, maoni. Sindano mbili. Uzi rangi nyeusi, kigurudumu kimoja. Tyubu tatu, pampu moja, spoki kumi na moja. Nikamuuliza kwa nini kumi na moja. Akasema kumi ni chache na kumi na mbili ni ubadhirifu. Chumvi aliipima kwa vijiko vya kila siku, akazidisha, akaongeza kijiko kimoja cha dharura.

Halafu akaniuliza kwa siku tutapumzika mara ngapi. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo maana ya likizo, tutapumzika tukijisikia. Akaandika: mapumziko, manne. Nikamwambia tutasimama kutazama mandhari popote yatakapotuvutia. Akaandika: mandhari, dakika ishirini, isipokuwa Jumapili. Hapo nikakasirika. Nikamwambia sijafundisha miaka yote ile nikiamrishwa na kengele ili nije nipigiwe kengele nyingine kando ya barabara ya Uganda. Hakujibu kwa hasira. Aliniambia tu kwamba mtu asipohesabu hawezi kujua kama amepumzika au amechelewa, kisha akanimiminia chai na kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika, pale Jinja mtu anaingia mjini kwa upande gani. Nikasema nimesahau kidogo, mji umekua sana siku hizi. Akaandika kwenye safu ya maoni: mji umekua.

Niliporudi Kanja nilikuta mke wangu amekwenda kumwona mchungaji. Alichomwomba ni kuniombea niache wazimu huu. Mchungaji alisikia nusu ya kwanza tu, kuhusu kuniombea. Jumapili akasimama akatangaza kwamba mwalimu wetu mpendwa anasafiri kwa baiskeli kupita nchi tatu, tumweke mikononi mwa Bwana. Kanisa zima likasema amina. Mke wangu aliinamisha kichwa akakaa hivyo mpaka sadaka ikapita.

Mtu wa mahali pengine angedhani mambo yaliishia kwenye maombi. Huku kwetu msafiri ni mali ya wote. Ukimwambia mtu unasafiri, hakutakii safari njema mpaka aende nyumbani kwanza kutazama ana nini cha kutuma na kwa nani. Na kukataa mzigo wa mtu ni kama kukataa salamu yake, atalikumbuka hilo hadi kwa wajukuu. Mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu aliyekuwa akienda Nairobi kwenye msiba debe zima la viazi.

Walianza kuja Jumapili ile ile baada ya chakula. Kilo nne za njahi kwa binti aliyeolewa Kampala na ambaye amejifungua, kwa maana mzazi asipokula njahi watu watasema hana kwao. Majani ya chai kwa mkwe aliye Mwanza. Nduma, yale majimbi yetu, za mtu wa Lira, zikiwa bado na udongo ili zisikauke. Suti ya kijivu ya kijana mmoja aliyehamia Mbarara akaiacha kwa shangazi, na shangazi ameota kwamba anaihitaji. Kuku jike, hai, wa kupelekwa Mbale. Mzee mmoja alileta kifungu cha muguka, majani ya kutafuna kama miraa, kwa mpwa wake, huko huko Mwanza. Nikamwambia kwa hali ya heshima kwamba kwa mwendo wangu majani hayo yatafika yakiwa nyasi za ng'ombe, na kwa sheria za kule mimi nitalala nayo gerezani. Alifikiri, akapunguza nusu.

Kufikia Jumatano sebule yetu ilikuwa kama stoo ya mtumba. Nikampigia rafiki yangu simu kulalamika, nikitarajia huruma. Badala yake nikasikia sauti yake ikichangamka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mipango. Aliniomba nimtajie kila mzigo, uzito wake na unakokwenda, mmoja mmoja, taratibu. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza. Alhamisi akashuka Embu kwa basi, baiskeli yake juu ya keria ya basi, ramani mpya mkononi.

Sasa mstari ulipita Malaba ukapanda Mbale kwa ajili ya kuku, ukaendelea juu hadi Lira kwa ajili ya nduma, ukateremka Kampala kwa ajili ya njahi, ukaenda Mbarara kwa ajili ya suti, kisha ukazunguka ziwa hadi Mwanza kwa ajili ya majani ya chai. Ulikuwa mstari mzuri, uliopigwa kwa rula. Niliufuata kwa kidole, halafu nikaufuata tena.

"Jinja iko wapi?" nikauliza.

"Jinja hatuna mzigo," akasema. "Halafu wewe ulishafika. Haina maana turudi kwenye kitu umeona."

Kila sababu niliyoifikiria ilikuwa na jiwe ndani yake. Nikasema mpango ni mzuri, nikatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, na nilisimama pale zizini nikiwa na huzuni ya kweli, ya mtu aliyejifungia mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Kesho yake tulifanya mazoezi ya kwenda Gachoka na mizigo yote, ili kupima. Kuteremka kulikuwa raha tupu. Kutoka Kanja hadi Embu mjini tulikuwa kama vijana, na kutoka mjini kwenda chini Mbeere upepo ulinijaa shati, nikapiga kengele bila sababu, nikawapungia watu nisiowajua. Kuku aliyefungwa nyuma yangu alikuwa mtulivu kuliko rafiki yangu. Tulifika Gachoka tukanywa soda, rafiki yangu akaandika kwamba tumetangulia ratiba, na hakuna kati yetu, mwalimu wa jiografia na mtunza stoo, aliyekumbuka kwamba tumekuwa tukiteremka tangu asubuhi.

Kurudi sitakusimulia kwa kirefu. Jua la Gachoka halijui kama wewe ni mzee. Tulipanda kidogo, tukasukuma kidogo, tukasukuma sana. Nduma ziliongezeka uzito kila kona. Kwenye kilima kimoja goti langu la kulia lilitoa sauti ambayo hata kuku aliisikia. Rafiki yangu alitumia mapumziko yote manne katika saa ya kwanza, akaanza kukopa ya kesho. Hatimaye alitoa simu akampigia mke wangu bila kuniuliza, nami sikumkataza.

Mke wangu alikuja na pikapu. Hakucheka wala hakusema "nilikuambia". Alitusaidia kupakia baiskeli, akamweka kuku mbele kwenye kiti pamoja nasi, akaendesha mpaka Embu mjini ndipo akaniuliza kwa Kiembu, ili mgeni asisikie vizuri, ni nini hasa kinachonisumbua. Nikasema hakuna. Akasema sawa.

Jumamosi nilikuwa nimekaa barazani, goti limefungwa kitambaa chenye dawa ya ng'ombe, nikiamua moyoni kuahirisha kila kitu. Mke wangu alikuwa na ungo wake pembeni. Rafiki yangu alikuwa amepindua baiskeli uani akinyoosha spoki. Ndipo akaingia mwanamke mmoja mnene, mwenye kitambaa kichwani na mwendo wa mtu asiyebabaishwa na mtu. Tulimfahamu sote. Anauza samaki wakavu na maharagwe pale soko la Kanja, na hufuata bidhaa Busia na hata ndani ya Uganda kwa malori. Alikuwa pia, miaka mingi iliyopita, yule msichana wa dawati la mbele.

Sikuwa na hali ya kupokea wageni. Nikamwonyesha sebule nikamwambia aweke mzigo wake hapo pamoja na mingine. Akasema hana mzigo. Alikuja tu kuona njia, kwa sababu yeye njia hiyo anaijua. Rafiki yangu, ambaye hufurahi mtu akitaka kuona kazi yake, alimletea ramani. Aliisoma kwa muda mrefu, kidole kikipita pale pale changu kilipopita.

"Mwalimu, mbona hujaweka Jinja?"

Rafiki yangu akamjibu kwa niaba yangu kwamba nilishafika. Mwanamke yule hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikajua. Sielewi nilijuaje, lakini aliyefundisha watoto miaka thelathini anaijua sura ya mtoto mwenye jibu ambaye ameamua kutoinua mkono.

"Ulikwenda," nikasema.

"Nilienda. Safari yangu ya kwanza kabisa ya biashara, kabla nifanye kitu kingine, nilienda kutafuta hiyo maporomoko yako. Nilitembea huko chini mpaka viatu ikakatika. Maji imetulia tu. Nikauliza mtu wa boti, akanicheka. Akaniambia hiyo maporomoko ilifunikwa na maji wakati walijenga bwawa, zamani, mimi nikiwa sijazaliwa." Akaikunja ramani. "Na wewe ulikuwa hujaanza kufundisha."

Spoki zilikoma kulia. Mke wangu aliacha kuchambua njahi kwa mara ya pili katika hadithi hii. Ningeweza kusema kitabu kilikosea, na kitabu kweli kilikuwa cha zamani. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba kile kitu kuliko nilivyochoka na nduma za Lira.

"Sijawahi kufika," nikasema. "Nakuru ndiyo mwisho wangu."

Nilitegemea mbingu ianguke. Kilichosikika ni sauti ya mke wangu.

"Na samaki?"

"Hakukuwa na samaki."

"Miaka yote hiyo napika, unaniambia hafiki wa Jinja."

Aliangalia ungo, akaangalia kilele cha mlima kwa mbali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani analia mpaka nikasikia kicheko. Alicheka akajifuta macho kwa upindo wa leso, akacheka tena. Rafiki yangu yeye alikuwa na maumivu ya aina nyingine. Alikuwa amefungua daftari lake, akafika pale palipoandikwa "mji umekua", akakata kwa mstari mmoja.

Nikamuuliza yule mwanamke kwa nini hakuniumbua miaka yote. Alikuwa akinipita sokoni kila wiki, akinisalimu kwa adabu, akiniongezea samaki wawili juu ya kipimo.

"Ningekuambia nini? Mimi sikuwahi kutaka kwenda mahali kabla uniambie hiyo hadithi. Hii biashara yangu yote imetoka kwa hiyo jiwe." Akatabasamu, halafu akashusha sauti kama anayekiri kwa mchungaji. "Na mimi nilitafuta jiwe lingine nikakalia. Nikakula samaki. Watoto wangu nimewaambia ni hiyo ya mwalimu. Sasa ukikosa kwenda, Mwalimu, tutakuwa waongo wawili."

Nilisikia kitu kikiniondoka kifuani, na sitaona haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta ile nusu ya muguka ya yule mzee.

Baada ya hapo mwanamke yule ndiye aliyepanga safari. Mizigo yote angeibeba kwenye lori lake la Jumanne na kuigawa kwa madereva anaowajua, kila mmoja na njia yake. Kuku tu ndiye aliyebaki, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ametaga chini ya kiti cha sebuleni, na mke wangu akasema kuku anayetaga hasafirishwi, yeye atamweleza mwenye kuku. Kwa goti langu waliamua kwamba baiskeli zipande basi hadi Eldoret, tuanzie huko kunakoteremka. Rafiki yangu alichukua kifutio. Alifuta Lira, akafuta Mbarara, akafuta hata Mwanza na ziwa zima, mpaka ukabaki mstari mfupi wa kwenda mahali pamoja na kurudi. Aliutazama kwa masikitiko, akaniuliza kwa unyenyekevu tutakaa huko muda gani. Nikasema sijui. Akaandika: hajui.

"Sasa andika hiyo jiwe iko wapi," mwanamke akasema.

Nikachukua kalamu. Alinielekeza kama mtu anayesoma imla: unashuka ngazi, unapita wanaouza vinyago, kuna mti umeinama, baada ya mti unageuka kushoto, jiwe iko karibu na maji, nyeusi, imepasuka katikati. Niliandika kila neno, ulimi nje kama mtoto. Nilipomaliza alinyoosha mkono akalichukua daftari, akasoma kimya, akanirudishia.

"Umeandika kulia. Nimesema kushoto."

Nikafuta, nikaandika kushoto.

Tulifika siku ya tisa, kwa sababu tulipumzika mara nyingi sana na hakuna aliyezihesabu, au kama alizihesabu hakuniambia. Ngazi zilikuwepo. Wauza vinyago walikuwepo. Jiwe lilikuwa kushoto, dogo kuliko langu, na ufa wake ulikuwa na majani. Nililikalia. Maji yalikuwa yametulia kabisa, yanaondoka ziwani bila kelele. Tulikula samaki, na nitamwambia mke wangu ukweli, hakumfikia wake.

Lakini shati langu lilikuwa kavu. Nilikaa nalo kavu kwa muda, nikijaribu kuridhika, nikashindwa. Hatimaye nikavua kofia nikampa rafiki yangu, nikamwomba achote maji ya Nile animwagie mgongoni. Hakuuliza kwa nini. Aliinama majini, akageuka na kofia inayodondoka, akauliza kiasi gani.

Nikamwambia shati lote.